Maji ya Chania na Barafu ya Simeon

Wang'uru,
9 Februari 1974

Kaka Dawud,

Salamu nyingi, na zikukute umekaa, si umelala. Mwenye duka mmoja aliyetoka Nyeri ameniambia kwamba siku hizi unalala hata mchana. Sisi huku hatujambo. Mpunga umekomaa na ndege wameushukia kwa maelfu. Kila mwenye shamba anapiga debe kutwa nzima kuwafukuza, na ukirudi nyumbani masikio yanaendelea kupiga debe yenyewe. Simeon amefungua baa ukuta kwa ukuta na mimi. Ana jokofu la mafuta ya taa, wateja wake wanaimba nikiwa katika uradi, na mara mbili nimejikuta nafuata wimbo wao. Mchele wa mwaka jana nimeuza wote isipokuwa gunia lililoingiwa na panya. Hilo tunakula wenyewe.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Yule jini wangu amekuwa na tabia mpya. Unakumbuka alivyokuwa akinipanda huko Nyeri: moyo unaanza ghafla kukimbia kama cherehani, nainamisha uso ndani ya beseni la maji ya mto Chania kama ulivyonifundisha, nasoma Kulhuwallahu mara saba moyoni bila kupumua, nainuka, nakunywa kombe lako. Kabla ladha ya zafarani haijaniisha mdomoni, jini ameshuka. Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa hivyo. Tangu nihamie huku kombe limepungua nguvu. Juma lililopita alinipanda saa tatu asubuhi nikipepeta mchele. Niliinamia beseni mara nne. Nilikunywa chupa nzima mpaka ulimi ukawa wa manjano. Alishuka saa saba. Jirani yangu Yakubu, mlinzi wa milango ya mifereji, alinishika shingoni akahesabu mapigo kwa saa yake. Alifika mia na tisini kabla dakika haijaisha, akaacha.

Sikulaumu, Kaka. Labda siku hizi unaandika aya za kombe kwenye sahani kwa haraka, au marashi ya kuoshea wameyachanganya na maji. Niandikie kombe lenye nguvu zaidi, kwa sababu lile la kawaida huyu jini amelizoea.

Ni mimi nduguyo,
Mishi


Majengo, Nyeri,
3 Machi 1974

Dadangu Mishi,

Salamu zako zimenikuta nimekaa. Mwambie huyo mwenye duka kwamba silali mchana. Nafumba macho ili wageni waondoke.

Mwanangu Rashid amepata mtoto wa tatu, msichana, na wamempa jina lako. Analia kuanzia alfajiri mpaka apewe anachotaka, kwa hiyo jina limekwisha kufanya kazi yake. Kamati ya msikiti imekutana mara tatu kuamua rangi ya mlango. Wanasema wote kwa pamoja, na mlango bado hauna rangi.

Mimi nami moyo umenianza, tangu Idi Kubwa. Wako unakimbia kwa mpango, kama cherehani. Wangu hauna mpango. Unapiga mara mbili, unaruka, unapiga mara tano, unanyamaza kama unafikiri, halafu unakumbuka. Nikipanda kijilima cha kwenda sokoni napumua kama mbuzi wa machinjioni. Nikaamua kujitibu kwa dawa yako. Nilikuwa nimepiga magoti, uso ndani ya beseni, makalio juu, Kabura muuza maziwa akaingia. Alinikamata ukosi akanivuta huku akiita watu. Ilipofika alasiri Majengo nzima ilikuwa inasema kwamba Mwalimu Dawud, mzee wa miaka sabini, mtoa dawa mstaafu, mwandika makombe, amejaribu kujiua ndani ya beseni. Beseni lenyewe halina maji ya kumzamisha kifaranga.

Na baada ya aibu hiyo yote moyo haukutulia. Nadhani wangu si wa jini wako, lakini hayo si ya kuandika hapa.

Nimekutumia chupa mbili za kombe jipya. Sharti lake ni hili: maji ya beseni uyateke alfajiri, uyatie kwenye mtungi wa udongo, uuzungushie gunia lililoloweshwa, uuweke kivulini penye upepo. Usiulize kwa nini.

Na huyu Yakubu anayemshika dada yangu shingo ni nani? Na katika hilo neno "tunakula wenyewe", wewe na nani?

Kaka yako,
Dawud


Wang'uru,
20 Aprili 1974

Kaka Dawud,

Nimefurahi kusikia habari za mtoto wa Rashid. Waambie wasimzuie kulia. Mimi nilinyamaza sana nikiwa mdogo, na sikupata faida yoyote.

Mvua imenyesha na barabara imekuwa uji. Sharti lako la mtungi na gunia nimelitimiza. Siku ya kwanza jini alishuka baada ya saa moja, nikakuombea dua. Mara ya pili alikataa kabisa. Huku joto halina mchezo, Kaka. Hata hayo maji ya kivulini ni kama chai iliyosahauliwa. Jumanne iliyopita alinipanda sokoni nikipima mchele, macho yakaingia giza, nikaangukia mizani. Nimeshonwa nyuzi tatu kwenye paji la uso. Mganga wa zahanati aliniambia niende hospitali kubwa nikapimwe moyo. Nikakataa, kwa sababu ni wewe uliyesema kwamba huyu jini akisikia harufu ya hospitali ataniua papo hapo.

Nina jambo la kukuuliza, na nakuuliza kwa heshima. Mwaka 1948 uliniketisha mbele ya chetezo, ukafumba macho, ukasema jini amekataa nisiolewe na Kioko, yule askari kutoka Machakos, na kwamba nikiolewa naye moyo utapasuka siku ya harusi. Kioko alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Hukumpa hata kiti. Aliambiwa habari hiyo akiwa amesimama, akasema asante, akaenda zake. Mimi nikabaki kwako nikakupikia, nikamlea Rashid ambaye mama yake Zabibu alikuwa amefariki. Nilimlea mpaka akaota ndevu. Nilimpa jini kila alichotaka.

Sasa mwulize tena kama ulivyomwuliza siku ile. Anataka nini zaidi? Nina miaka hamsini na minne. Sina kingine cha kumpa.

Kuhusu wanaokula ule mchele wa panya, usijisumbue.

Mishi


Majengo, Nyeri,
2 Juni 1974

Dadangu Mishi,

Rashid na watoto wazima. Mlango wa msikiti umepakwa nusu kijani, nusu haujapakwa, kwa sababu kamati iligawanyika. Barua yako nilikaa nayo wiki tano. Niliianzia majibu mara sita, na karatasi zote Kabura amewashia jiko.

Nianze na mimi, ndipo nifike kwako. Miguu ilivimba mpaka viatu vikanikataa, nikaenda hospitali ile ile nilikotoa dawa miaka thelathini. Walinikabidhi kwa daktari kijana anayeitwa Theuri, ambaye nadhani nilimpa dawa ya minyoo akiwa mtoto. Alinifunga nyaya mikononi, miguuni na kifuani, mashine ikachora moyo wangu kwenye karatasi. Nikamwomba anieleze kama mtu aliyesoma. Akasema moyo una vyumba vya juu na vya chini. Juu kuna sehemu ndogo inayotoa amri ya kupiga, na amri hupita kwenye mlango mmoja kwenda chini. Kwangu mimi, huko juu kila mahali panatoa amri. Nikamwambia, hiyo ni kamati ya msikiti. Akauliza habari ya kamati, nikamweleza, akasema ndiyo, ni hiyo hasa. Vyumba vya juu vinatetemeka tu, havisukumi kitu, na vya chini vinafuata kelele yoyote inayovifikia.

Amenipa vidonge vidogo vya digoksini. Dawa hii, asema, hainyamazishi kamati. Inaweka bawabu mlangoni ili wasipite wote. Akanionya pia kwamba damu inayozubaa huko juu yaweza kuganda, na kipande kikichomoka kikapanda kichwani, mtu hupooza upande. Nilimsikiliza vizuri, nikaenda nyumbani nikameza mara mbili ya alivyosema. Nilikuwa na haraka. Ijumaa nikamwona imamu amezungukwa na duara la manjano, nikaanza kutubu, nikidhani amekuwa walii na mimi pekee ndiye niliyeonyeshwa. Theuri alisema huo si utakatifu, ni sumu, na akanipunguzia. Imamu amerudia rangi yake ya kawaida.

Nikamweleza habari zako, bila jina. Unaanza ghafla, unaisha ghafla, umepangika, tangu usichana. Akasema huo ni ugonjwa mwingine. Kwake, amri ikishapita mlangoni inapata kichochoro cha kurudia ilikotoka, inazunguka, inazunguka, kama mzee mkutanoni ambaye kila akimaliza kusema anajipa zamu tena. Halafu akasema, "Huo, Mzee, maji baridi sana usoni yanaweza kuukata. Yanaamsha mshipa wa fahamu unaofunga mlango kidogo tu, na amri ikikuta mlango umefungwa inakufa. Nani alimfundisha?"

Nikasema, jini.

Alicheka. Mimi sikucheka. Soma sasa ukiwa umekaa, Mishi, na huyo Yakubu awe karibu, awe nani awe.

Hakuna jini. Hajawahi kuwapo. Ulipoanza kuugua, wanawake wa Majengo walisema umepandwa, na mimi nilikuwa nimemwona daktari mmoja Mskoti akimzamisha uso mke wa mlowezi katika maji ya barafu. Beseni nilishika mimi. Nilijua hutakubali dawa ya Mzungu, basi nikaivika kanzu. Kulhuwallahu mara saba inachukua nusu dakika. Nilipima kwa saa ya hospitali. Maji ya Chania yanatoka mlimani na yanauma kama meno, na hayo ndiyo yaliyokuwa yanakutuliza. Kombe lilikuwa zafarani na marashi. Aya za Mungu sizitanii, ninachodharau ni nia niliyoziandikia. Watu walianza kuniita Mwalimu, kuniletea kuku, kunisimamia nikipita. Nilipenda. Ndiyo maana nilikwambia jini anachukia hospitali. Huko ungekutana na mtu wa kukwambia ukweli.

Kombe langu halijapungua nguvu. Ni kwamba Wang'uru hakuna baridi. Nilijua hivyo niliposoma barua yako ya kwanza, nikakutumia mtungi na gunia kwa sababu sikutaka kukiri. Nyuzi tatu usoni mwako nimezishona mimi.

Na Kioko. Sikumwuliza jini, nilijiuliza mwenyewe. Zabibu alikuwa amekufa, Rashid alikuwa na miaka miwili na hajui kulala bila wewe, na mimi sikujua hata kuchemsha uji. Kioko alikuwa kijana safi, na alisema yuko tayari kusilimu. Sikupata kosa lake hata moja. Ndiyo maana nilimtafuta jini, na ndiyo maana sikumpa kiti. Angekaa, ningeshindwa.

Sasa fanya haya mawili. Moyo ukianza, nenda kwa Simeon uchukue barafu anayopozea bia, uitie katika beseni, uinamishe uso ukihesabu mpaka thelathini. Najua ni baa. Nenda. Halafu nenda hospitali wakuchore kwenye karatasi na wakupe vidonge, kwa sababu beseni si la kutegemea kila siku, na ukianguka karibu na mfereji hakuna sura ya Kurani itakayokuokoa.

Dawud


Majengo, Nyeri,
15 Agosti 1974

Dadangu Mishi,

Wiki kumi hujajibu. Somo wako, mtoto wa Rashid, ameota meno mawili na amemng'ata imamu.

Nilidhani labda hunijibu kwa sababu nimekiri kwako peke yako, kwa siri, kama mwizi anayerudisha kuku kupitia nyuma ya nyumba. Basi Ijumaa iliyopita baada ya swala nilisimama kwa fimbo, nikawaeleza watu wote kwamba kilichotuliza moyo kilikuwa maji baridi tu, si makombe, na kwamba mimi ni mwongo wa miaka ishirini na minane. Walinisikiliza kwa heshima kubwa. Imamu akaniombea dua, akisema ugonjwa umenifika kichwani. Jumamosi wakaja wanawake wawili wakitaka kombe. Nikawaambia hakuna. Mmoja akamwambia mwenzake, "Ona alivyo mnyenyekevu," wakaniachia kuku mlangoni.

Huyo kuku bado yupo. Sithubutu kumla.

Sikuombi msamaha. Nataka tu kujua kama ulichukua barafu. Andika neno moja, hata likiwa tusi.

Dawud


Wang'uru,
2 Oktoba 1974

Kaka Dawud,

Saumu njema kwako, kama unafunga, na kama daktari amekukataza, mche Mungu na usile chapati dirishani.

Barua yako ya Juni niliisoma mara moja, nikaitia ndani ya gunia la mchele, nikakalia gunia. Ya Agosti nikaiweka juu yake. Leo nimezitoa zote.

Barafu nilichukua. Hasira yangu kwako ni kubwa, lakini si kubwa kiasi cha kunifanya nife nayo. Mapigo yalinianza mchana, siku tatu baada ya barua yako, nikaingia baa ya Simeon kwa mara ya kwanza maishani, na buibui langu. Walevi walisimama kama wameingiliwa na polisi. Nikamwambia Simeon lete beseni na barafu, nihesabieni mpaka thelathini. Baa nzima ikahesabu kwa sauti. Moyo ulikatika walipofika kumi na tisa. Nikainuka nikidondokwa na maji, wakapiga makofi, mmoja akataka nirudie kwa sababu alikuwa chooni.

Hospitali pia nilienda. Sikufa mlangoni. Mashine yao ilinichora moyo ukiwa unakimbia, na hiyo karatasi ninayo, mistari iliyobanana kama meno ya kitana. Nameza vidonge kila siku. Tangu Julai umenianza mara moja tu.

Kwa hiyo miaka ishirini na minane nimemheshimu mtu asiyekuwapo. Nilimfukizia ubani kila Ijumaa. Nilimwomba radhi nikicheka kwa sauti. Nikiwa peke yangu nyumbani nilikuwa nasema, tumekaa.

Umeniuliza mara mbili Yakubu ni nani. Ni mume wangu, mwaka wa tatu sasa. Alisilimu akiwa kazini Isiolo, miaka mingi baada ya kutoka mlangoni kwako. Kabla ya hapo jina lake lilikuwa Kioko. Tulikutana hapa sokoni nilipokuja kununua mchele, mwaka 1970. Alikuwa na mvi na kofia mkononi. Sikuhamia Wang'uru kwa ajili ya mchele, Kaka. Nilimwambia jini bado ninaye. Akasema basi tutamngoja wawili. Siku ya harusi yetu nilikaa kitako nikingoja moyo upasuke, na yeye amekaa kando yangu amenishika shingoni, anahesabu. Haukupasuka. Nilidhani jini amezeeka. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa ungemwamsha.

Nimemsomea barua yako. Alicheka sana nilipofika kwa imamu wa manjano. Nilipofika kwa kiti hakucheka. Alivaa kofia akaenda kwenye mifereji yake, akakaa huko mpaka jua likazama.

Sijui kama nimekusamehe, na sitaki kulitafutia jibu kwa karatasi. Tutakuja Idi Mosi, mimi na yeye. Utamwambia kwa mdomo wako, usoni kwake, jini alisema nini. Na utamwambia akiwa amekaa.

Mchinje yule kuku.

Mishi


Majengo, Nyeri,
11 Oktoba 1974

Dadangu Mishi,

Usiogope mwandiko. Jumatatu mkono wa kulia na mguu vililegea, kama Theuri alivyonionya, na haya nayaandika kwa kushoto, mistari michache kwa siku. Ulimi unaburuta kidogo, lakini nilichonacho cha kusema ni kifupi na nimekifanyia mazoezi mbele ya Kabura. Anasema naeleweka.

Nyumba hii ilikuwa na kiti kimoja, nacho nakikalia mimi. Fundi Wamae ametengeneza cha pili, cha mwerezi, chenye mikono miwili na mgongo mrefu. Kiko mlangoni, pale pale aliposimama. Wageni wamejaribu kukikalia nikawafukuza.

Nikiondoka kabla ya Idi, kiti ni chake. Mwambie akae kwanza, ndipo umsomee hii.

Dawud